Kwa Nini Udongo Mkavu wa Msituni Hukataa Maji

Kila ukame mrefu unapokatishwa na mvua kubwa, swali lilelile hurudi kwenye taarifa za habari na midomoni mwa watu: inakuwaje ardhi iliyokaa miezi bila tone la maji inyeshewe, kisha mvua hiyo igeuke mafuriko? Tunavyodhani, ardhi yenye kiu ingekunywa kwanza, ishibe, ndipo maji yaanze kutiririka. Majibu yanayotolewa huwa mawili: miti imekatwa, au ardhi imekauka hadi ikawa ngumu. Yote mawili yana ukweli mahali pake. Lakini jambo hili hutokea hata ndani ya misitu ambayo haijaguswa na shoka, kwenye udongo laini unaochimbika kwa kidole. Udongo huo haujawa mgumu hata kidogo. Unakataa maji.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, huhitaji maabara. Nenda chini ya miti mwishoni mwa kiangazi, ondoa majani makavu mpaka ufikie udongo, usawazishe kidogo kwa kiganja, kisha dondosha tone moja la maji. Katika misitu mingi mikavu tone hilo halizami. Linakaa juu, limejikunja mviringo, na vumbi jepesi linaanza kupanda ubavuni mwake. Ukilisukuma kwa kijiti linabingirika, na pale lilipotoka hapana hata dalili ya unyevu. Usipoligusa, huenda likapungua taratibu kwa kukaushwa na hewa mpaka likaisha, na udongo ulio chini yake usipate chochote.

Nyuma ya tone hilo kuna viumbe wengi tusiowaona. Udongo unaokataa maji mara nyingi huchukuliwa kuwa udongo uliokufa, nami naona dhana hiyo ndiyo inayotupotosha kuliko zote. Hali hii kwa sehemu kubwa hutengenezwa na uhai uliomo udongoni, na uhai huohuo ndio unaoiondoa. Ukilielewa hilo, mambo mengi yanayoonekana kupingana huanza kukaa sawa.

Kunyonya na kukataa

Tukiufikiria udongo mkavu, tunafikiria nafasi tupu: vinafasi vingi kati ya punje na punje, vimejaa hewa, vinangoja maji. Vinafasi hivyo vipo kweli. Ila maji hayaingii ndani yake kwa sababu tu viko wazi. Huvutwa na kuta zake.

Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo maana tone hujikunja. Yakikutana na punje safi ya mchanga, maji huvutwa na uso wa punje hiyo kwa nguvu inayoshinda ule mvutano wa ndani. Tone hutandazika, hushika ukuta wa kinafasi cha kwanza, hupita hadi cha pili, na udongo unanyonya. Lakini punje hiyohiyo ikivishwa utando wa kitu chenye asili ya nta au mafuta, hata utando mwembamba wa unene wa molekuli chache, mvuto huo hukatika. Maji hubaki yanavutana yenyewe tu. Kinafasi kiko palepale, kiko wazi, lakini sasa kuta zake zinayasukuma maji nje.

Wataalamu huipima hali hii kwa pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na uso uliolibeba. Pembe ikizidi nyuzi 90, maji hayaingii yenyewe; lazima yarundikane juu mpaka uzito wake uyasukume kwa nguvu. Pembe ikiwa chini ya 90 lakini mbali na sifuri, maji huingia, ila kwa kusuasua. Udongo mwingi duniani uko katika hali hii ya pili bila mtu kuitambua, kwa sababu kwa macho unaonekana unanyonya vizuri tu. Kwa hiyo kukataa maji kuna viwango, na udongo mmoja hupanda na kushuka katika viwango hivyo kadiri majira yanavyobadilika.

Kipimo cha uwandani ni kilekile cha tone, kikiongezewa saa. Tone likizama ndani ya sekunde 5, udongo huhesabiwa kuwa unanyonya. Kuanzia sekunde 5 hadi 60, unakataa kidogo. Hadi sekunde 600, yaani dakika 10, unakataa kwa nguvu. Hadi sekunde 3,600, unakataa vikali. Na tone likikaa zaidi ya saa nzima, hali hiyo huitwa ya kupindukia. Udongo wa misitu mikavu ya misonobari na mikaratusi hufika huko mara kwa mara.

Na ninaposema msitu mkavu, namaanisha msitu unaopitia miezi kadhaa ya kila mwaka bila mvua ya maana, hadi udongo wake wa juu ukakauka kabisa. Hali hii imechunguzwa zaidi katika misitu ya kuzunguka Bahari ya Mediterania, katika misitu ya mikaratusi ya Australia na Ureno, na katika misonobari na mireteni ya magharibi mwa Marekani. Si jambo lililogunduliwa juzi. Mwaka 1910 watafiti wa Marekani, Schreiner na Shorey, walikuwa tayari wameandika juu ya udongo wa California usioloweka, na wakataja mabaki ya viumbe yaliyomo ndani yake kuwa ndiyo chanzo.

Nta inatoka wapi

Jibu la haraka ni majani. Majani ya miti inayostahimili ukame huvaa nta ili yasipoteze maji, na mengine yana utomvu na mafuta yenye harufu kali. Yakianguka na kuanza kuoza, vitu hivyo hubaki nyuma kwa sababu ni vigumu kumeng'enywa, vikachanganyika na udongo na kushika punje. Udongo wa kichanga ndio unaoathirika upesi zaidi, kwa sababu ya hesabu ya nyuso. Gramu moja ya mchanga, ukijumlisha nyuso za punje zake zote, kwa kawaida haifiki mita moja ya mraba. Gramu moja ya udongo wa mfinyanzi inaweza kuwa na makumi au hata mamia ya mita za mraba. Nta ileile inayotosha kuufunika mchanga huo haitoshi hata kuanza kazi kwenye mfinyanzi. Hata hivyo mfinyanzi nao hauna kinga kamili: ukishikamana kuwa vidonge, nta huhitaji kufunika sehemu ya nje ya kidonge tu.

Wengi huishia kwenye majani, nao wanaacha nusu ya habari. Kama ni nta ya majani peke yake, mbona misitu miwili yenye miti ileile na majani yaleyale hutofautiana sana? Mbona ndani ya msitu mmoja, hatua moja tu kutoka sehemu inayonyonya, unakuta sehemu inayokataa tone kwa saa nzima? Tofauti hiyo mara nyingi hufuata ramani ya viumbe wasioonekana, hasa kuvu.

Kuvu tunaifahamu kwa uyoga, lakini uyoga ni sehemu ya uzazi tu, na hukaa siku chache. Mwili wenyewe uko chini: nyuzi nyembamba mno, upana wake kwa kawaida ni maikromita 2 hadi 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinazopita kati ya punje, kuzizunguka na kuzifunga pamoja. Gramu moja ya udongo wa msituni inaweza kuwa na mita nyingi za nyuzi hizi, pamoja na bakteria wanaofikia bilioni moja.

Uzi wa kuvu una shida ambayo mzizi hauna. Unatakiwa kukua ndani ya utando wa maji, kisha utoke kwenye utando huo uvuke nafasi yenye hewa ili ufike kwenye punje ya pili au jani lililooza. Kwa uzi mwembamba kiasi hicho, uso wa maji ni kizuizi kikubwa. Mvutano wake unatosha kuurudisha ndani. Kuvu huutatua ugumu huo kwa protini ndogo ziitwazo haidrofobini, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Uholanzi waliochunguza kuvu iitwayo Schizophyllum commune. Protini hizi hutoka kwenye uzi zikiwa zimeyeyuka majini, lakini zikifika pale maji yanapokutana na hewa hujipanga zenyewe bega kwa bega na kuwa utando. Upande mmoja wa utando huo hupenda maji, upande wa pili huyakataa. Mvutano wa uso wa maji hushuka, uzi unapenya, na unapotokea hewani unakuwa umevikwa vazi ambalo upande wake wa nje haulowi.

Vazi hilo lina faida nyingi kwa mwenye nalo. Huuzuia uzi usilowe hadi ukakosa hewa, huulinda usikauke haraka, na huusaidia kushika vitu vyenye nta, yakiwemo majani yaleyale niliyoyataja. Ila uzi hauishi peke yake. Umekumbatia punje, na mahali nyuzi zilipo nyingi, udongo wote hurithi tabia yake.

Utaliona hili wazi kwa kuvu zinazoshirikiana na mizizi ya misonobari na mikaratusi. Baadhi yake hufuma mikeka chini ya majani, mieupe au ya kijivu, minene kiasi cha kuweza kuinuliwa kwa kisu. Chukua kipande cha mkeka huo mwishoni mwa kiangazi ukitie majini: kitaelea, na ukikivunja katikati utakuta vumbi kavu, ingawa mvua ilinyesha siku chache zilizopita. Wanaotunza viwanja vya nyasi nao wanaifahamu tabia hii, maana kuna kuvu za nyikani zinazoota kwa duara, na ukanda wa duara hilo unaweza kukauka kabisa hata ukimwagiliwa kila siku. Huko Australia, Bond na Harris waliuhusisha mchanga unaokataa maji na nyuzi za kuvu mwaka 1964, na majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa dawa ya kuzuia kuvu ikitiwa kwenye udongo, ukataaji wa maji hupungua.

Bakteria nao wamo, kwa njia iliyofichika zaidi. Wengi wao hutoa ute unaowashikisha kwenye punje na kuwahifadhia unyevu. Ute huo ukiwa mbichi hupenda maji sana. Ukikauka, hubadilika. Vilevile bakteria anayebanwa na ukame hubadilisha ngozi yake, na ngozi hiyo huelekea kuyakataa maji kuliko ilivyokuwa wakati wa neema. Anapokufa, vipande vya ngozi hiyo hubaki vimegandamana na punje. Kizazi baada ya kizazi, punje hukusanya utando wa mabaki ya waliokuwa wakiishi juu yake. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita mboji kumbe si majani yaliyooza tu. Ni miili ya vijiumbe.

Kwa nini hasa wakati wa kiangazi

Hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Nyuzi zipo mwaka mzima, nta ipo mwaka mzima, lakini udongo uleule ulionyonya vizuri katikati ya msimu wa mvua unakataa maji miezi mitatu baadaye.

Molekuli nyingi za nta na tando hizi zina pande mbili: kichwa kinachopenda maji na mkia wenye asili ya mafuta. Udongo ukiwa na unyevu, vichwa hugeukia maji, na mikia hujificha. Unyevu ukipungua, hakuna tena maji ya kugeukia; vichwa hushikana na madini ya punje au vyenyewe kwa vyenyewe, na mikia ndiyo inayobaki nje ikiikabili hewa. Vitu ni vilevile, kiasi ni kilekile, lakini uso wa punje sasa umegeuka. Kila mtu anayepiga deki amewahi kuona kitu cha namna hii: kitambaa kilichoachwa kikakauka hadi kikakakamaa, ukikiweka juu ya maji yaliyomwagika, kwanza kinayasukuma, kitambaa kilekile kikiwa na unyevu kidogo huyafyonza mara moja. Maji huingia kwa urahisi pale ambapo maji yapo tayari.

Kila udongo wa namna hii una kiwango chake cha unyevu ambacho ukishuka chini yake huanza kukataa maji. Juu ya kiwango hicho huwezi kuitambua tabia yake. Na kurudi si rahisi kama kwenda, kwa sababu ili molekuli zigeuke tena zinahitaji muda wa kukaa na maji, na maji yenyewe hayataki kukaa. Mvuke na ukungu wa asubuhi, manyunyu ya siku kadhaa mfululizo, mvua isiyo na haraka: hivi hulainisha mambo taratibu. Mvua ya radi inayomwaga maji mengi kwa nusu saa juu ya udongo uliokaa miezi mitano bila unyevu haitoi nafasi hiyo. Ndiyo maana milimita zilezile za mvua zinaweza kuzama mwezi mmoja na kufurika mwezi mwingine, na kusema tu kwamba "mvua ilikuwa kubwa" hakuelezi kilichotokea.

Maji yaliyokataliwa huenda wapi

Sehemu hutiririka juu, hasa kwenye mteremko, yakibeba majani na udongo wa juu. Mmomonyoko huo unafahamika, sina haja ya kuurefusha.

Kinachofahamika kidogo ni yale yanayoingia. Maji yaliyorundikana juu ya udongo unaokataa hutafuta mahali dhaifu: tundu la mzizi uliooza, njia ya mchwa au siafu, ufa, au kipande kidogo ambacho kuvu hazikukifikia. Yakipata mlango huo, hupita kwa kasi kwenda chini, na kwa sababu udongo wa pembeni nao unakataa, hayatawanyiki. Katika mchanga wa pwani ya Uholanzi, watafiti Dekker na Ritsema walichimba na kupima unyevu nukta kwa nukta, wakakuta nguzo nyembamba zilizolowa zikishuka chini, na kati ya nguzo moja na nyingine mchanga mkavu kabisa. Anayepima unyevu mahali pamoja tu katika udongo kama huo anaweza kutangaza kuwa msitu umeshiba maji au kuwa unakufa kwa kiu, kutegemea alipochomeka kipimo.

Kwa mche mchanga wenye mizizi ya sentimita chache, hali hii ni hatari. Unaweza kuota juu ya udongo uliopata mvua na ukafa kwa kukosa maji. Kwa mti mkubwa, mambo yanaweza kuwa kinyume. Maji yaliyopita upesi kwenda chini yako mbali na jua, na tabaka kavu lililobaki juu hukata njia ya unyevu kupanda na kupotea hewani. Uchunguzi uliofanywa Utah, Marekani, kwenye misonobari na mireteni, uliona udongo unaokataa maji ukiwa umejikusanya chini ya kivuli cha miti, huku nafasi wazi kati ya mti na mti zikinyonya kawaida. Mti wenye mizizi mirefu unanufaika kwa mpangilio huo, na nyasi zinazotaka kuota karibu nao zinanyimwa. Sitasema kwamba mti umekusudia hivyo. Lakini mti hulisha kuvu zake kwa sukari, kuvu huvisha udongo, na udongo hupeleka maji mahali ambapo mizizi ya mti inayafikia. Mtu akiiita hali hiyo kuwa ni uharibifu tu, hajaitazama vya kutosha.

Habari ya moto

Kila baada ya moto mkubwa msituni utasikia kwamba moto "umeiziba" ardhi. Kauli hii imetokana na kazi ya kweli. Kuanzia miaka ya 1960, Leonard DeBano na wenzake waliokuwa wakichunguza vilima vya California walionyesha kuwa majani na mboji vikiungua, sehemu ya nta yake hugeuka mvuke, mvuke huo hushuka ndani ya udongo, na ukifika kwenye tabaka la baridi zaidi, sentimita kadhaa chini, hugandia kwenye punje. Walipima pia joto. Udongo ukipata joto chini ya nyuzi 175 za Selsiasi hubadilika kidogo tu. Kati ya 175 na 200 hukataa maji kwa nguvu sana. Kati ya 280 na 400 vitu vyenyewe huungua na udongo ukarudi kunyonya. Hivyo baada ya moto unaweza kukuta majivu ya juu yananyonya vizuri, na chini yake tabaka linalokataa. Mvua ikinyesha, lile la juu hujaa maji na kuteleza juu ya la chini, na hapo maporomoko ya tope yanaweza kuanzia.

Kosa ni kudhani kuwa moto ndio chanzo pekee, au kwamba kila moto huongeza hali hii. Katika bonde la Águeda nchini Ureno, mwaka 1996 Doerr, Shakesby na Walsh walilinganisha misitu ya mikaratusi na misonobari iliyoungua na ile ambayo haikuungua, wakakuta yote inakataa maji kwa nguvu. Moto mkali mno unaweza hata kuifuta hali hiyo kwenye tabaka la juu. Na wala si jambo la kudumu milele: tabaka lililotengenezwa na moto kwa kawaida hudhoofika ndani ya miezi au miaka michache. Linadhoofishwa na mvua, mizizi mipya, wadudu wanaochimba, na vijiumbe.

Wanaokula nta

Kwa bakteria anayeweza kuimeng'enya, nta ni chakula chenye nguvu nyingi. Shida ni kuifikia, kwa kuwa yeye huishi majini na nta haichanganyiki na maji. Baadhi yao hutoa vitu vinavyofanya kazi ya sabuni, vinavyoimega nta vipande vidogo na kuileta karibu. Mwaka 2004 mtafiti wa Australia, Margaret Roper, alichapisha kazi ya kuwatenga bakteria wa namna hii, wengi wao wa kundi moja na wale wanaoupa udongo uliopata mvua ya kwanza ile harufu yake. Rhodococcus, Nocardia na Streptomyces ni majina yanayotajwa sana. Huko Australia, ambako mamilioni ya hekta za mashamba ya kichanga yana tatizo hili, wakulima huchanganya mfinyanzi na mchanga wao, na wengine huongeza chokaa inayowapa bakteria hao mazingira mazuri zaidi.

Lakini bakteria wanaokula nta wanahitaji unyevu, na nta ndiyo inayouzuia unyevu usiingie. Katika udongo mkavu kabisa hawajafa. Wengi wamelala, wamejipunguza, wakisubiri. Yeyote anayedhani kiangazi huua uhai wa udongoni autazame udongo huo siku mvua inapofika. Mwaka 1958, H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga, Kenya, alionyesha kuwa udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa hutoa kaboni dioksidi kwa wingi wa ghafla na kuachia nitrojeni, kuliko udongo uliokaa na unyevu muda wote. Vijiumbe viliamka na kula kilichokuwa kimelimbikizwa. Wanasayansi hadi leo huiita athari ya Birch.

Sasa ziunganishe habari hizi mbili. Mvua ikiangukia udongo unaokataa maji, mwamko huo hautokei kila mahali. Hutokea ndani ya zile nguzo zilizolowa, na sehemu zilizobaki kavu zinaendelea kulala. Mboji iliyo katika sehemu kavu hailiwi, na kaboni yake inabaki ardhini. Kwa hiyo hali ileile inayotuletea mafuriko na miche iliyokufa hutusaidia kuhifadhi kaboni ambayo ingeishia hewani. Kiangazi kikirefuka, sehemu kavu zinaongezeka, na hifadhi hiyo huenda ikaongezeka pamoja na mafuriko. Sioni njia ya kuitaja hali hii kwa neno moja la sifa au la lawama, wala sidhani tunalihitaji.

Ninachokipinga waziwazi ni ushauri unaotolewa mara kwa mara wa kufagia majani yote msituni ili maji yazame. Ni kweli tabaka la majani ndilo linaloleta nta. Lakini ndilo pia linalovunja nguvu ya matone, linaloyachelewesha maji juu ya udongo mpaka yapate pa kuingilia, na linalokitia kivuli kile kiasi kidogo cha unyevu ambacho kikibaki, udongo haushuki chini ya kiwango chake. Ukiliondoa, jua linafika kwenye udongo wenyewe, vijiumbe vinakosa chakula, na nta iliyokwisha kushika punje inabaki palepale.

Penye haja ya kweli ya kuingilia kati, kwa mfano mteremko ulioungua ambao lazima uote tena upesi, dawa zinazofanya kazi ya sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji na kuyaruhusu kupenya. Kuzinyunyiza msitu mzima ni gharama isiyobebeka. Kwa hiyo watafiti waliokuwa wakirudisha mimea kwenye maeneo yaliyoungua huko magharibi mwa Marekani walijaribu kuzipaka kwenye mbegu zenyewe. Mbegu ikinyeshewa, dawa inaoshwa na kushuka kwenye udongo uliopo chini yake tu, inafungua njia finyu ya maji kupita kwenye tabaka linalokataa, na mzizi wa kwanza unashuka kwa kuifuata njia hiyohiyo hadi kwenye udongo unaonyonya.